Nani Alijua? Uchambuzi wa Kisa cha Oleg Gordievsky, Mei hadi Julai 1985

Tarehe 16 Mei 1985, telegramu kutoka makao makuu ya KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti, ilifika katika kituo cha shirika hilo jijini London ikimtaka Oleg Gordievsky arejee Moscow mara moja ili athibitishwe rasmi kuwa mkuu wa kituo. Kwa afisa mwingine yeyote hiyo ingekuwa habari ya kusherehekewa, kwa kuwa kituo cha London kilikuwa miongoni mwa vile vilivyotamaniwa zaidi na maafisa wa ujasusi wa Kisovieti. Gordievsky, hata hivyo, alikuwa amefanya kazi kwa siri na MI6, shirika la ujasusi wa nje la Uingereza, kwa takribani miaka 11, na alipoisoma telegramu hiyo hofu ilimshika. Siku tatu baadaye alipanda ndege kwenda Moscow.

Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya ujasiri, na ujasiri ulikuwepo wa kutosha. Mimi nakichambua kwa kuuliza swali moja katika kila hatua: nani alijua nini, na alikijua lini? Nimelichagua swali hilo kwa sababu naamini ndilo lililoamua uhai wa mtu huyu tangu mwanzo, na ndilo pia lililoivunja nyumba yake, ingawa upande huo wa pili hutajwa kwa mstari mmoja tu na masimulizi yakasonga mbele.

Gordievsky alizaliwa Moscow tarehe 10 Oktoba 1938 katika familia ambayo kwao kazi ya usiri ilikuwa mkate wa kila siku. Baba yake alikuwa afisa wa NKVD, shirika lililotangulia KGB, na kaka yake alifanya kazi ya ujasusi nchi za nje kwa utambulisho wa bandia. Yeye mwenyewe alisoma katika taasisi ya uhusiano wa kimataifa ya Moscow, na mwezi Agosti 1961, alipopelekwa Berlin Mashariki kwa mafunzo ya kazi, aliushuhudia Ukuta wa Berlin ukisimamishwa. Hata hivyo alijiunga na KGB, na mwaka 1966 akapangiwa kituo cha Copenhagen, Denmark. Kilichomgeuza, kwa maelezo yake mwenyewe, ni vifaru vya Kisovieti kuingia Chekoslovakia Agosti 1968. Siku hiyo alimpigia simu mke wake wa kwanza kutoka ubalozini na kumwaga hasira zake waziwazi, akijua fika kwamba idara ya usalama ya Denmark ilikuwa ikiisikiliza laini hiyo. Alitaka asikiwe na mtu wa upande wa pili, lakini ujumbe huo haukuchukuliwa na yeyote.

Ni baada ya kurudi Denmark kwa awamu ya pili, mwaka 1972, ndipo MI6 ilipomfikia. Afisa wa Kiingereza alimfuata mapema asubuhi kwenye uwanja wa badmintoni alikokuwa akicheza, na kufikia mwaka 1974 ushirikiano ulikuwa umeanza rasmi. Gordievsky aliweka masharti matatu: asiwadhuru wenzake wa kituo, asirekodiwe wala kupigwa picha kwa siri, na asilipwe fedha. Sharti hilo la tatu linastahili kukumbukwa, kwani majasusi wengi wa enzi ile waligeuka kwa sababu ya madeni au uchu wa mali, na mtu anayelipwa huacha alama: matumizi yanayozidi mshahara, akaunti, zawadi zisizoelezeka. Mtu asiyepokea kitu haachi alama za namna hiyo, na idadi ya watu wanaoweza kumshuku hupungua.

Habari alizotoa zilikuwa nzito. Wakati wa mapumziko ya mchana alitoka ubalozini na mikanda midogo ya filamu yenye nyaraka za KGB, ikanakiliwa, naye akairudisha mahali pake kabla ya yeyote kubaini. Gunvor Galtung Haavik, karani wa wizara ya mambo ya nje ya Norway aliyeitumikia Moscow kwa miaka mingi, alikamatwa Januari 1977 kwa kusaidiwa na habari zake, na Arne Treholt, mwanadiplomasia wa nchi hiyohiyo, alifuata Januari 1984.

Mwaka 1978 alirudishwa Moscow, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, weledi wa pande zote mbili ulipoonekana vizuri zaidi. Kwa miaka minne hakuna mkutano uliofanyika, wala barua, wala kificho cha kuachia nyaraka. MI6 ilikuwa na mtu wake ndani ya makao makuu ya KGB, na ikakubali kutopata neno hata moja kutoka kwake. Mashirika machache yana subira hiyo. Moscow ya wakati ule, kila mwanadiplomasia wa Magharibi alifuatiliwa, na mkutano mmoja ungetosha kumpeleka mtu kwenye risasi. Kitu pekee walichomwachia ni mpango wa kumtorosha uliopewa jina la Pimlico, maelekezo yake yakiwa yamefichwa ndani ya jalada la kitabu cha Kiingereza. Kwa mujibu wa mpango huo, akihitaji kuokolewa angesimama Jumanne jioni mbele ya duka la mikate katika barabara ya Kutuzovsky, akiwa ameshika mfuko wa plastiki wa duka la Kiingereza la Safeway. Kila wiki alipokuwa Moscow, maafisa wachache wa MI6 walihakikisha wanapita pale, wakimtafuta mtu ambaye kila mmoja wao aliomba asimwone.

Juni 1982 alifika London, na kazi yake ikapanda kwa kasi ambayo haikuwa ya bahati tupu, kwani Waingereza walikuwa wakimfungulia njia kwa kuwafukuza waliomtangulia. Kati ya yote aliyoeleza kipindi hicho, naona la maana kuliko mengine ni lile la operesheni RYAN. Tangu mwaka 1981, Yuri Andropov, mkuu wa KGB wakati huo, alikuwa ameziagiza ofisi za KGB duniani zitafute dalili kwamba nchi za Magharibi zinajiandaa kushambulia kwa nyuklia bila onyo. Maafisa wa London waliagizwa wahesabu madirisha yenye taa usiku katika majengo ya serikali na wafuatilie bei ya damu ya kuongezea wagonjwa, ilhali Uingereza damu hutolewa bure. Hawakuziamini dalili hizo wenyewe, lakini walizituma, na Moscow ikazisoma kama ushahidi. Mazoezi ya kijeshi ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ya Novemba 1983 yalipozidisha wasiwasi huo, ni Gordievsky aliyewafahamisha Waingereza, na kupitia kwao Wamarekani, kwamba hofu ya Moscow ilikuwa ya kweli. Mtu mmoja kuwaeleza wenye mabomu kwamba adui yao anaogopa si jambo dogo.

Mwaka huohuo ulitokea mtihani unaoonyesha jinsi uzi wa maisha yake ulivyokuwa mwembamba. Michael Bettaney, afisa wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, alidondosha nyaraka za siri kwenye sanduku la barua la nyumba ya Arkady Guk, mkuu wa kituo cha KGB, akijitolea kuifanyia kazi Moscow. Guk alidhani ni mtego akazipuuza, lakini alimwonyesha Gordievsky. Waliolijua jambo hilo ndani ya kituo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kama Bettaney angekamatwa siku iliyofuata, Guk asingehitaji akili nyingi kutambua nani amesema. Kwa hiyo MI5 ilimtafuta msaliti wake kwa utulivu, kwa kutumia kikundi kidogo cha wachunguzi, na Bettaney akakamatwa Septemba 1983 kwa namna iliyoonekana kana kwamba ni uzembe wake mwenyewe uliomponza. Alihukumiwa kifungo cha miaka 23, Guk akafukuzwa nchini, na mwanzoni mwa mwaka 1985 Gordievsky akateuliwa kushika nafasi hiyo.

Sasa turudi kwenye telegramu. Nani alikuwa amesema? Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa miaka mingi kata ilikuwa moja tu. MI6 iliwapatia Wamarekani taarifa za Gordievsky bila kuwatajia jina lake, nao CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa udadisi wa kikazi, wakalitafuta wenyewe kwa kulinganisha taarifa hizo na nyendo za maafisa wa KGB hadi wakalipata. Katika kitengo chao cha masuala ya Kisovieti, mkuu wa kukabiliana na majasusi alikuwa Aldrich Ames, ambaye tarehe 16 Aprili 1985 aliingia katika ubalozi wa Kisovieti mjini Washington akitaka dola 50,000. Wengi huishia hapo na kufunga jalada. Tatizo ni kwamba Ames, baada ya kukamatwa mwaka 1994, alieleza kwamba orodha yake kubwa ya majina, likiwemo la Gordievsky, aliikabidhi tarehe 13 Juni, karibu mwezi mmoja baada ya telegramu. Tarehe hizo hazipaswi kufunikwa kwa sababu tu zinaharibu simulizi nzuri. Kinachojulikana kwa uhakika ni kwamba mwezi Mei KGB ilimtendea kama mtu inayemshuku na isiyo na uthibitisho dhidi yake, na kila kilichofuata kilitokana na hali hiyo.

Kabla hajaondoka London, maafisa wa MI6 waliketi naye katika nyumba ya siri na kumwachia uamuzi. Angeweza kubaki Uingereza na kulindwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichagua kwenda. Nimeutafakari uamuzi huo kwa muda mrefu, na siafikiani na wanaouita upumbavu. Kukataa kurudi kungekuwa ni kukiri, na kazi ya miaka 11 ingekufa siku ileile, pengine kwa hofu isiyo na msingi. Aidha, telegramu yenyewe ilikuwa na maelezo yanayoingia akilini, kwamba angekutana na Viktor Chebrikov, mkuu wa KGB, na Vladimir Kryuchkov, mkuu wa idara ya ujasusi wa nje. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa upande wa MI6, ambao walikuwa na hamu kubwa ya kumwona mtu wao akikaa kwenye kiti kile, na hamu ya namna hiyo hupunguza usikivu wa anayeshauri.

Jibu alilipata mlangoni. Nyumba yake ya Moscow ilikuwa na kufuli tatu, na ile ya tatu hakuwa akiitumia kwa kuwa alikuwa amepoteza ufunguo wake. Alipofungua zile mbili na kusukuma, mlango haukutikisika. Mtu aliyeingia nyumbani mwake wakati hayupo alikuwa amefunga zote tatu wakati wa kutoka. Alisimama pale ukumbini, mzigo miguuni, naye amekwishaelewa kila kitu, kisha akafanya kile ambacho mtu asiye na hatia angefanya: akamwita jirani mwenye vifaa, wakaushughulikia mlango, akaingia ndani kulala.

Tarehe 27 Mei alipelekwa kwenye nyumba ya mapumziko ya KGB nje ya jiji, akakaribishwa chakula na brandi. Glasi yake ilikuwa imetiwa dawa. Kwa saa kadhaa wachunguzi walimhoji huku akili yake ikielea, wakimshinikiza kwamba amekwisha kukiri na kwamba linalobaki ni kurudia tu. Hakukiri. Alipozinduka asubuhi alikumbuka vipande vipande vya mahojiano, na kati ya vipande hivyo alijikumbuka akikana. Baada ya hapo aliarifiwa kwamba kazi yake ya London imekwisha, lakini angeendelea kuajiriwa, na akapewa likizo.

Kwa nini hakukamatwa? Jibu la kwanza ni kwamba usiri wa MI6 ulikuwa umefanya kazi yake: hapakuwa na mikutano ya Moscow ya kuchimbua, wala fedha, wala kificho chochote cha kufukua. Jibu la pili ni kwamba KGB ya mwaka 1985 ilitaka kesi kamili. Gordievsky alikuwa kanali, ameteuliwa na wakubwa waliokuwa bado ofisini, na kumfikisha mahakamani bila ushahidi kungewaaibisha waliomteua. Kumnasa akiwasiliana na Waingereza kungemaliza yote kwa mpigo. Hivyo walimwacha atembee wakimtazama, wakiamini kwamba mtu aliye chini ya macho yao Moscow hana pa kukimbilia. Imani hiyo ilikuwa na msingi, kwani mpaka wao ulilindwa kwa ukali mkubwa, na ndiyo maana mpango wa Pimlico ulipohitajika, hata baadhi ya waliouandaa waliuona kama jambo lisilowezekana.

Jumanne tarehe 16 Julai alisimama mbele ya duka la mikate na mfuko wake. Baada ya muda akapita mwanamume aliyeshika mfuko wa kijani wa duka la Harrods la London huku akitafuna chokoleti, nao wakatazamana kwa nukta chache bila neno. Hiyo ilimaanisha kwamba ishara imepokewa. Huko Uingereza, mpango huo ulihitaji idhini ya waziri mkuu, na katibu wa Margaret Thatcher akasafiri hadi Scotland, alikokuwa mgeni wa malkia, ili ampe habari hiyo ana kwa ana. Thatcher alikuwa akizisoma taarifa za jasusi huyo kwa miaka mingi bila kuambiwa jina lake halisi. Aliidhinisha.

Hapa nalazimika kusimama kwenye jambo ambalo naona ndilo zito kuliko yote katika kisa hiki. Mpango wa Pimlico uliandaliwa ukiwa na nafasi ya familia nzima. Gordievsky alikuwa amemwoa Leila Aliyeva mwaka 1979, na walikuwa na mabinti wawili wadogo. Leila alilelewa na wazazi waliokuwa maafisa wa KGB, na kwa miaka yote ya ndoa hakuambiwa lolote. Mwezi huo wa Julai alikuwa akienda na watoto kwa ndugu zake Azerbaijan, nao waliagana kama watu watakaoonana baada ya wiki chache. Gordievsky aliamua peke yake kwamba hatamwambia. Sababu zake zinaeleweka: kama angemwambia na yeye akakataa, angemtwika mzigo wa kuchagua kati ya mume na nchi, na kama angekubali, watoto wawili wangefungiwa ndani ya gari mbele ya mbwa wa askari. Zaidi ya hapo, kutojua kwake kulikuwa ndiyo kinga yake atakapohojiwa. Nazielewa sababu hizo zote, na bado nashindwa kuuita uamuzi huo sahihi, kwa kuwa kanuni ya kazi ilitumika mahali ambapo mtu alistahili kupewa nafasi ya kusema ndiyo au hapana juu ya maisha yake mwenyewe.

Ijumaa jioni, tarehe 19 Julai, aliwapotea waliomfuata na kupanda treni ya usiku kwenda Leningrad. Asubuhi iliyofuata alisafiri hadi eneo la Vyborg, karibu na mpaka wa Finland, akajificha kwenye vichaka kando ya barabara huku mbu wakimtafuna. Magari mawili ya wanadiplomasia wa Kiingereza yalikuwa njiani kutoka Leningrad, ndani yake mkiwemo wake zao na mtoto mchanga, na nyuma yao magari ya KGB. Waliongeza mwendo hadi wakapata mwanya wa dakika chache, wakakata kona kuingia mahali palipopangwa. Gordievsky akaingia ndani ya buti, wakamfunika kwa blanketi la kuzuia joto la mwili lisinaswe na vifaa vya mpakani, akameza dawa ya kutuliza, buti likafungwa.

Mpakani kulikuwa na vizuizi kadhaa. Katika kimojawapo mbwa wa askari alianza kulinusa gari, na mmoja wa wanawake wale akamtupia vipande vya viazi vya kukaanga kutoka kwenye pakiti. Kisha mtoto akalazwa juu ya buti, pale pale juu ya mtu aliyelala gizani akitokwa jasho, akabadilishwa nepi iliyochafuka, nayo ikaangushwa chini karibu na pua ya mbwa. Mbwa akaondoka. Muda mfupi baadaye Gordievsky alisikia muziki uliokuwa ukipigwa garini ukibadilika, ikaanza Finlandia ya Sibelius, mtunzi wa Finland. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba amevuka.

Walikesha barabarani kuelekea kaskazini hadi Norway, na kutoka huko akasafirishwa hadi Uingereza. Septemba 1985 serikali ya Thatcher iliwafukuza maafisa 25 wa Kisovieti, Moscow ikajibu kwa idadi ileile, kisha kila upande ukaongeza sita, jumla 31 kwa 31. Tarehe 14 Novemba Gordievsky alihukumiwa kifo bila yeye kuwepo. Uingereza ilimtunuku nishani ya heshima mwaka 2007, naye akaishi Surrey chini ya ulinzi hadi kifo chake Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 86.

Leila alipata kumjua mume wake kutoka kwa wachunguzi wa KGB. Alihojiwa tena na tena na kufuatiliwa, na maombi ya London kwamba aruhusiwe kuondoka na watoto yalikataliwa mwaka baada ya mwaka. Waliruhusiwa Septemba 1991 tu, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti kushindwa na uongozi wa KGB kubadilika. Mabinti walioachwa wakiwa wadogo walishuka kwenye ndege wakiwa wamekua, wakikutana na baba waliyekuwa wamemsahau sura. Ndoa haikudumu. Leila alikuwa ameishi miaka sita akilipa gharama ya jambo ambalo hakuwahi kuulizwa.